Siku Elsie Alipopigilia Viti Misumari

Kuna watu hapa Voi watakuambia kwamba kiti ni kiti tu, ukiweka popote utakalia. Watu hao hawajawahi kutembelewa na Elsie. Elsie akiingia kwako atakusalimu vizuri, atauliza habari za watoto, atakaa, atakunywa chai yako, na muda huo wote macho yake hayatulii: kabati limeziba dirisha, viti vimeupa mlango mgongo, meza ya kahawa imekaa mahali pa kuvunja watu miguu. Chai ikifika nusu kikombe, basi, uvumilivu umekwisha. Ataomba radhi, atainuka, atakunja mikono ya blauzi, na kabla hujajua kama umekubali au umekataa, wewe na mumeo mko upande mmoja wa kabati mnasukuma.

Na usimnunie, kwa sababu akimaliza utashangaa. Mohammed wa duka la vifaa vya ujenzi alipokuwa anamwoza binti yake alimwita Elsie siku mbili kabla, na mpaka leo watu wa mtaa wa Mwakingali wanaizungumzia nikahi ile: wanawake huku, wanaume kule, masinia ya pilau yanapita katikati, na hakuna mgeni hata mmoja aliyerukwa magoti. Malipo Elsie hataki. Anachotaka ni kumsikia mwenye nyumba akisema, kumbe chumba hiki ni kikubwa hivi. Akisikia hayo hurudi kwake akiimba njia nzima, na sauti hana.

Ujuzi huo hakuuokota njiani. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mhudumu wa vyumba katika hoteli moja ya watalii huko mbugani, akitandika vitanda mpaka shuka lisibaki na kunyanzi hata la dawa. Vyumba vya hoteli ile vilikuwa vya duara, kama vibanda, na kitanda hakikuwa na pembe ya kujibanza. Kilisimama katikati kama mwenye mji, na vitu vingine vyote vilikizunguka, na ukutani hapakuwekwa kitu. Elsie alipostaafu alikuja na mtindo huo nyumbani kama vile wengine wanavyokuja na cheti. Nyumba yake ina pembe nne kila chumba, jamani, lakini hakuna hata kitu kimoja kilichogusa ukuta.

Aliyeubeba msalaba huo ni mumewe, Obadiah, mstaafu wa reli, mtu mpole anayependa vitu viwili duniani: kwaya na kiti chake cha kutazamia taarifa ya habari. Siku moja alitoka mazoezi ya kwaya amechoka, akajiachia pale pale kiti kilipokuwa tangu Krismasi. Kiti kilikuwa kimehamishwa asubuhi. Alikalia beseni la maharagwe yaliyolowekwa. Hakugomba. Aliinuka, akajipangusa suruali, akauliza tu kiti chake kimehamia mtaa gani siku hizi.

Basi huyo ndiye Elsie, na hayo ndiyo maisha yake, na yangeendelea hivyo hivyo kwa raha zao kama si mambo ya mamake.

Mamake, Nyanya Jemimah, aliishi Sagalla, juu mlimani, katika nyumba ya udongo ya vyumba viwili aliyojengewa na marehemu mumewe. Macho yalimwacha polepole kwa miaka kumi. Daktari aliita presha ya macho. Yeye mwenyewe alisema ni mwizi anayeiba kwa kijiko. Lakini asikudanganye mtu kwamba alikuwa wa kuhurumiwa. Alijipikia, alijifagilia, alichota maji kwenye pipa lake, na kuku wa jirani wakiingia shambani aliwafukuza kwa majina yao. Watoto wake walipomwambia ashuke Voi, aliwajibu kwamba huko chini kuna vumbi na kelele, na yeye vyote viwili haviwezi.

Halafu mwezi wa pili, upepo wa kiangazi ukivuma, ncha ya leso yake ilishika moto pale mekoni. Bahati jirani yake, Lois, alikuwa anapita. Alimmwagia mtungi wa maji, na mtungi wenyewe ulikuwa wa mwisho, maana Sagalla maji hayachotwi kwa kutaka, huchotwa yakipatikana. Bibi aliungua mkono kidogo tu. Lakini Elsie alipousikia mkasa huo kwenye simu, alikaa chini sakafuni. Alijiona jinsi angezikwa na lawama. Akasema imetosha, mama ashuke.

Nyanya Jemimah alikubali kwa shingo upande, na kwa mapatano. Atakaa wiki mbili. Akipazoea, sawa. Asipopazoea, Jumapili ya pili baada ya ibada, Morris, ndugu mdogo wa Elsie mwenye gari aina ya Probox, atakuja kumrudisha mlimani, wala asisikie mtu akilia. Elsie aliitikia, lakini moyoni aliapa kwamba mamake hatarudi kwenye moto ule peke yake. Angempangia chumba ambacho mtu akikiingia hataki kutoka.

Na alikipanga, mwenzangu. Chumba kilikuwa cha binti yake Lynn, anayefanya kazi ofisini huko Wundanyi na kuja mara moja kwa mwezi. Elsie alikifanyia kazi wiki nzima. Alipiga rangi. Alishona pazia la rangi ya machungwa kwa ajili ya mtu asiyeona, na usiniulize kwa nini. Kitanda cha Lynn, kile kirefu cha mbao za mninga, alikisimamisha katikati, nafasi ya kupita pande zote nne, na kando yake akaweka stuli, meza ndogo yenye maua ya plastiki, na kiti cha kupumzikia. Majirani walikuja kuangalia. Obadiah alisema chumba kinamngoja askofu.

Siku Nyanya Jemimah alipofika, alishikwa mkono mpaka mlangoni, kisha akajitoa. Alisema aachwe akione chumba mwenyewe. Akaweka kiganja ukutani akaanza kutembea. Akaenda, akaenda, akapita pembe ya kwanza, ya pili, akapita dirishani, akapita pembe ya tatu na ya nne, akarudi mlangoni alikoanzia. Chumba kizima, na hakugusa kitu. Akauliza kwa upole kama vitu vyake vinaletwa kesho.

Watu walicheka, na yeye alicheka nao. Lakini alipouacha ukuta kwenda kukitafuta kitanda, alipotea mle ndani kama mtu aliyeachwa uwanjani. Akajigonga goti kwenye meza ndogo. Elsie akaruka, akaihamisha. Kesho yake akajigonga kwenye kiti. Elsie akakihamisha. Siku ya tatu alikuwa amejifunza kwamba stuli iko upande wa dirisha, akanyoosha mkono kuchukua kikombe chake, na stuli ilikuwa imehamia upande wa mlango, maana Elsie aliona huko itamfaa zaidi. Kila siku bibi alikuwa anajifunza chumba asubuhi, na kila jioni mtoto wake, kwa mapenzi matupu, alikuwa anambadilishia. Uliza nia yake, nia ilikuwa njema. Lakini nia njema haioti macho mguuni.

Mwishoni bibi akaacha kujaribu. Alikaa ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia kwa urefu wa kitanda kile, mikono mapajani, akingoja kushikwa kupelekwa chooni, kushikwa kupelekwa mezani, kushikwa kuketishwa sebuleni. Mwanamke aliyekuwa akiwafukuza kuku kwa majina. Elsie alimwona akiwa hivyo na akaumia, na kwa kuwa hakujua afanye nini, akahamisha kiti tena.

Alhamisi ya wiki ya pili, Elsie alipomkalisha mamake kwenye sofa na kumwekea mto mgongoni, Nyanya Jemimah alimshika kiganja asimwachie.

"Mwanangu, nyumba yako ni nzuri, kila mtu ananiambia. Lakini anayeonyeshwa kiti ni mgeni. Na mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi leo nina siku kumi na mbili hapa, hata mwiko sijashika. Morris akija Jumapili, nitarudi kwangu."

Elsie akasema sawa mama. Akaingia jikoni, akakata vitunguu vitatu ambavyo hakuna chakula kilichovihitaji.

Kesho yake, Ijumaa, alipanda bodaboda ya Muasya kwenda Sagalla kuifagia ile nyumba, maana mama hawezi kurudishwa kwenye vumbi. Alikuwa amekasirika, tuseme ukweli. Njia nzima alimhutubia Muasya kuhusu ukaidi wa wazee, na Muasya akawa anaitikia ndiyo mama, ndiyo mama, huku akikwepa mawe. Walipofika Lois alimpa ufunguo. Elsie akafungua mlango na dirisha, mwanga ukaingia, akashika ufagio. Hakufagia.

Ukutani, usawa wa kiuno, palikuwa na mstari. Ulianzia kitandani, ukapita juu ya sanduku la bati, ukazunguka pembe, ukavuka hadi mlangoni, ukaingia chumba cha pili hadi mekoni na kwenye mtungi. Upana wake ulikuwa wa kiganja. Mahali pengine pote udongo ulikuwa mkavu na mwekundu, lakini pale ulikuwa mweusi, laini, unang'aa kwa mafuta ya mkono wa mtu mmoja aliyepita hapo kila siku kwa miaka kumi. Na kila kitu cha nyumba ile kilikuwa kimeugusa mstari huo. Katikati ya chumba hapakuwa na kitu, hata kigoda.

Elsie alikuwa ameingia nyumba ile mara mia na hakuwahi kuuona. Alikuwa akiingia na kuwaza jinsi ambavyo kitanda kile kingependeza kikivutwa katikati.

Lois alimkuta ameduwaa na ufagio mkononi. Akamweleza, kama mtu anayeeleza jambo linalojulikana na kila mtoto, kwamba hiyo ndiyo barabara ya bibi, na kwamba hata yeye akija kumsalimia hathubutu kuacha ndoo hapo. Elsie akacheka. Alicheka mpaka akajikuta analia, kisha akacheka tena, na Lois akasogea kando kidogo. Miaka ishirini na sita, Elsie alisema, miaka ishirini na sita nawapangia vyumba watu wanaolala siku mbili wakaondoka. Nimempangia mamangu chumba cha mgeni.

Akaomba kamba ya mkonge. Akaanza kupima. Kutoka kitandani hadi kwenye sanduku, akapiga fundo. Kutoka kwenye sanduku hadi pembeni, fundo. Pembe hadi mlango, mlango hadi meko, meko hadi mtungi, fundo, fundo, fundo. Alipima hata urefu wa kitanda kutoka chini, akaona ni kifupi, mtu akikaa nyayo zinakanyaga sakafu. Alipomaliza alikuwa na kamba yenye mafundo kumi na mawili, akaivaa shingoni kama rozari, na yeye ni Mwanglikana. Alichukua sanduku la bati na kigoda, akamwambia Muasya wafunge mzigo. Muasya alitazama sanduku, akatazama mlima, akasema hii haikuwa kwenye mazungumzo. Walishuka mdogo mdogo, sanduku likipiga kelele kila kwenye jiwe, na Elsie njia nzima aliimba.

Jumamosi asubuhi alimweka mamake barazani na jirani yake Beth wapige soga, akafunga mlango, akamkabidhi Obadiah msumeno. Alimwambia akate miguu ya kitanda cha Lynn. Obadiah aliuliza mara mbili kama amesikia vizuri. Wakampigia Lynn simu Wundanyi. Kitanda kilikuwa cha mninga, na alikinunua kwa mshahara wake wa kwanza. Lynn akauliza kama ni kwa ajili ya nyanya. Akaambiwa ndiyo. Akasema, basi kateni, na mkate vizuri kisiyumbe.

Siku hiyo nyumba ya Elsie iligeuzwa. Kitanda kilisukumwa mpaka kikabanwa na ukuta. Sanduku likafuata kwa kipimo cha fundo la kwanza. Sebuleni viti vyote vilirudi nyuma vikajipanga ukutani kama watoto wa gwaride, meza ya kahawa ikatolewa nje kabisa, na pale ambapo ukuta ulikatika, kati ya sebule na jikoni, kamba ya mkonge ilivutwa ikakazwa, mafundo na yote. Kiti cha Obadiah kilikuwa katikati, mbele ya televisheni. Elsie hakuthubutu kukigusa. Obadiah alikitazama, akakibeba mwenyewe mpaka pembeni, akakaa, akajaribu. Kutoka pale televisheni huonekana kwa shingo ya upande. Akasema shingo ni ya Mungu, itazoea.

Elsie akasimama mlangoni akaangalia sebule yake. Ilikuwa mbaya. Ilikuwa kama chumba cha kungojea daktari. Mikono ilianza kumwasha pale pale. Alijua kabisa kwamba kabla ya Jumatatu angekivuta kiti kimoja, kidogo tu, cha kupendezesha. Kwa hiyo akatoka mbio hadi dukani kwa Mohammed, akarudi na misumari ile migumu ya kuingia simiti, akamwambia Obadiah apigilie kitanda, viti, na stuli, vyote, ukutani.

"Piga sana," alimwambia. "Mimi najijua."

Obadiah, kwa miaka thelathini na tano ya ndoa, hakuwahi kupewa kazi iliyompendeza namna ile. Alipiga misumari akiimba sauti ya nne ya kwaya. Barazani Nyanya Jemimah alimuuliza Beth kama huko ndani wanamtengenezea jeneza.

Jioni waliufungua mlango. Elsie hakumshika mkono. Alisimama mbali, mikono ameikumbatia ili isimponyoke. Mamake aliweka kiganja ukutani. Alitembea. Kitanda. Akasimama, akakaa, nyayo zikagusa sakafu. Akainuka. Sanduku la bati. Hapo alikaa sana. Alilifungua, akanusa ndani, akalifunga. Kisha pembe, mlango, viti, kamba, jikoni, na kurudi. Halafu akarudia tena, safari hii haraka. Elsie alingoja aseme neno. Bibi alisema amechoka, anataka kulala.

Basi huo ndio usiku ambao Elsie aliugeuza mto wake mara arubaini, na nisingeutaja kama haukuwa mrefu hivyo.

Jumapili asubuhi hakwenda kanisani. Aliamshwa na sauti ya sufuria. Mamake alikuwa jikoni peke yake, amefunga leso kiunoni, anaponda maharagwe na muhogo kwa mwiko, kimanga kile cha nyumbani, na ameshamtuma Obadiah chumvi. Elsie akakaa mlangoni akimtazama kwa furaha na hofu, maana chakula cha namna hiyo hupikwa pia na mtu anayeaga. Hakuuliza. Mfuko wa nguo wa mamake ulikuwa umefungwa tangu Alhamisi, uko kwenye mlango wa mbele.

Saa saba Morris akapiga honi. Wote waliisikia. Nyanya Jemimah akaweka mwiko chini, akapangusa mikono kwenye leso, akashika kamba. Fundo, fundo, fundo, kisha migongo ya viti, kiti baada ya kiti, kwa mwendo wa mtu anayejua aendako, mpaka mlango wa mbele. Akaufungua mwenyewe. Morris alikuwa amesimama pale amevaa suti ya kanisani, ameshainama kuuchukua mfuko.

"Uache huo mfuko, utauvunja mgongo bure," mamake alimwambia. "Karibu ndani, Morris. Kiti kiko mkono wako wa kushoto."

Morris akaingia akimwangalia dadake kwa macho ya kuuliza. Akashika kiti, akataka kukivuta kidogo asogelee meza ambayo haikuwepo. Kiti hakikusogea. Akavuta tena. Obadiah alianza kucheka pembeni kwake, na Nyanya Jemimah akacheka, kicheko cha Sagalla, cha kusikika ng'ambo ya bonde. Alisema vitu vya nyumba hii vina adabu, vikiwekwa vinakaa.

Kisha akageuza uso kuelekea mahali ambapo Elsie alikuwa amesimama akilia bila sauti. Alijuaje, sijui. Mama hujua.

"Na wewe Elsie, umesimama hivyo kwa nini? Kaa. Kiti kiko nyuma yako, chakula nakileta."

Elsie alikaa pale pale alipoonyeshwa, na hakusogeza kitu.